Mwaka Tuliomlilia Mfalme wa Sarumbe

Kabla sijaanza, mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na nikifika katikati ya neno refu huwa nasimama kujiuliza kama kuna kitu nimekiruka. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika mashine ya kunyolea zaidi ya kalamu. Palipo na kosa rekebisheni wenyewe mkiwa mnasoma, mimi nimechoka kufuta. Ningeweza kumwomba mtu mwenye elimu aniandikie, ila haya ni mambo ambayo nikimsimulia mtu ana kwa ana nitayapunguza, najijua. Karatasi hainiangalii usoni.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaelekea kuisha, Mzee Lomayani alifariki. Kwao ni juu ya Ngaramtoni, mahali ambapo mashamba ya mahindi yanapanda mpaka yanakutana na miti ya msitu. Nilikwenda kuzika, na siku ya kuanua matanga nilikwenda tena, nikakaa nyuma kabisa karibu na masufuria. Watoto wake wote walikuwa wamenyolewa kwa wembe, wakubwa kwa wadogo, vichwa vinang'aa kwa mafuta. Nashipai peke yake, binti yake wa pili, alikuwa amekaa katikati yao na nywele zake zimesukwa vizuri mistari. Mbele yangu kulikuwa na mama wawili wanapepeta mchele. Mmoja akasema, "Huyu wa Dar hata nywele hataki kumtolea baba yake." Mwenzake akajibu, "Nywele zenyewe za saluni kubwa hizo, utazinyoa? Si hasara!" Wakacheka kidogo kidogo, kicheko cha msibani. Mimi nilijua kwa nini Nashipai hakunyolewa. Nilijua kuliko mtu yeyote pale, maana sababu yake ilitoka kwenye mikono hii. Ningeweza kuwagusa bega wale mama nikawaambia. Nikala wali wangu nikanyamaza, kama kawaida yangu, na nilipofika nyumbani nikaanza kuutafuta mwaka ule kichwani, nikaukuta wote umekaa, haujapungua kitu.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa kunyoa kwenye kibanda cha Bosi Juma, Kwa Mrombo, jirani na soko. Viti viwili, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, harufu ya spiriti na poda. Kibanda kilichopakana na chetu kilikuwa cha fundi cherehani, na hapo ndipo Nashipai alipokuja kujifunza kushona baada ya kumaliza kidato cha nne. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao, na mbao moja ilikuwa imetoka, kwa hiyo nilikuwa namsikia siku nzima. Mimi sikuwa mtu wa kuongea na wasichana. Mteja akinitania nilikuwa nainamisha kichwa na kuendelea kukata. Nashipai alinipatia njia ya kuongea naye bila kuongea: alinipitishia kijitabu kwenye lile tundu la mbao.

Kilikuwa kijitabu cha Sarumbe. Kwa wale ambao hawakuwahi kuvipata, Sarumbe ni nchi isiyokuwepo. Iko juu ya ukungu, mito yake inalala usiku na kuamka asubuhi, na mtu akifa huko kivuli chake hakifi naye. Kivuli kinabaki kimesimama ukutani kikisubiri, na mtoto wake anatakiwa akivae. Lakini hakimkai mpaka avue kila kitu alichonacho mwilini, pete, shanga, viatu, mpaka abaki hana kitu cha kwake. Vijitabu vilikuwa vitatu, vikipita mkono hadi mkono pale sokoni, majalada yameshachanika, jina la mwandishi limekwenda na majalada. Cha tatu kinaishia pale Mfalme Ngorwe anapokata roho na binti yake Lumira anaingia chumbani. Hapo basi. Cha nne hatukukiona popote. Mimi nilikuwa nasoma polepole, kidole chini ya mstari, na Nashipai, aliyebaki na nakala yake, alikuwa anasoma kwa sauti upande wa pili wa mbao ili nisibaki nyuma. Akimaliza ukurasa ananyamaza. Baadaye nauliza kwa nini amenyamaza, anasema, "Nakusubiri ufungue." Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri namna hiyo, hata shuleni.

Wazo la filamu lilikuwa la Eriki. Eriki alikuwa mpiga video wa harusi na kipaimara, kijana wa Kichaga mwenye maneno mengi, mteja wangu wa kila Ijumaa. Siku moja nikiwa namchonga ndevu akakisikia kile kijitabu kikisomwa nyuma ya mbao, akageuka ghafla mpaka nikatoa mashine haraka nisimharibu. "Nani anasoma Sarumbe?" Nashipai akajibu bila kuonekana, "Wewe unayeuliza ni nani?" "Mimi ni raia wa huko." Tukacheka wote. Ndani ya wiki hiyo hiyo tukawa tunakutana chumbani kwake, mtaa wa Lemara, chumba kimoja chenye kitanda, kompyuta, na nyaya nyingi mpaka unachagua pa kukanyaga. Mama mwenye nyumba alikuwa anatupikia makande, na tulikuwa tunakula kwenye sufuria moja huku Eriki anachora picha za mfalme nyuma ya kadi za harusi zilizobaki. Hapo ndipo alipoweka sharti ambalo sijalisahau. Alisema filamu hii haitauzwa. Haitakuwa na kiingilio, haitawekwa kwenye duka la mtu, tutawarushia watu kwenye simu bure, anayetaka amrushie mwenzake. Bosi Juma, ambaye tulikuwa tumemwita awe mfalme kwa sababu ya kitambi na ndevu, akauliza, "Sasa faida yake nini?" Eriki akamwambia, "Bosi, hii nchi si yetu. Tumeingia bila kupiga hodi. Angalau tusitoke tumebeba kitu." Nilimpenda sana Eriki kwa maneno hayo. Nilidhani kitu ukikifanya bila faida basi hakiwezi kumdhuru mtu.

Jumba la mfalme lilikuwa pagala moja Engutoto, nyumba isiyoezekwa ambayo mwenyewe alituruhusu tuitumie siku za Jumapili. Ukisimama kwenye dirisha lisilo na fremu unauona mlima wote, na asubuhi za Julai ukungu unashuka mpaka unadhani kweli umefika. Nashipai alishona mavazi kwa vitambaa vilivyobaki kwa fundi wake. Yeye ndiye aliyekuwa Lumira, hatukujadiliana hata, ilikuwa wazi tu. Mimi kazi yangu ilikuwa vichwa na nyuso: kumpaka mfalme majivu aonekane mgonjwa, kumtengeneza nywele, kushika karatasi ya kung'arisha mwanga. Bosi Juma alikuwa mfalme mzuri mpaka ulipofika wakati wa kufa. Tulimlaza juu ya ngazi ya mafundi, tukaifunika shuka jeupe na majani ya mgomba, na kila Eriki akisema tuanze, baada ya muda mfupi mfalme anakoroma. "Bosi, umekufa!" "Nisamehe, nimesikia raha." Tulikuwa na furaha kiasi kwamba nikikumbuka naumia. Hakuna mtu kati yetu aliyewahi kuwa na furaha ya bure namna ile.

Shida ilikuwa kwenye kilio. Nashipai alikuwa hawezi kulia mbele ya kamera. Eriki alimletea vitunguu, akamwambia afikirie mambo mabaya, akamwigizia yeye mwenyewe jinsi ya kulia, akatuchekesha tu. Jumapili nzima ikapita hivyo. Jumapili iliyofuata, tukiwa tumekaa juu ya matofali tunakula mihogo ya kukaanga, Nashipai akasema, "Mimi sitalia. Kwetu baba akifa watoto wananyolewa, na shanga zinatoka. Mtu akikuona hivyo anajua, huna haja ya kupiga kelele. Na kitabu si kinasema avue kila kitu? Nywele si kitu?" Eriki akasimama. "Hiyo. Hiyo hiyo." Halafu akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika taratibu zaidi. Eriki hakujua desturi za kina Nashipai wa magharibi ya mlima, yeye kwao ni mbali. Bosi Juma alikuwa ametokea Kondoa na alikuwa amezoea utani hata msibani. Lakini mimi nilikuwa kinyozi pale sokoni, na watu wa kule juu waliofiwa walikuwa wanakuja kwangu. Wanaingia wawili watatu, hawaongei, wanakaa, wanasema "yote", na mimi nachukua wembe mpya. Hata redio Bosi alikuwa anaizima. Kwa hiyo nilijua kichwa cha namna ile maana yake nini, na nilijua pale sokoni kila siku wapo mama wa kwao wanaouza maziwa na viazi. Nilimwuliza swali moja tu, na nilimwuliza kwa sauti ndogo. "Na baba yako?" Nashipai akasema, "Yuko huko chini Monduli na ng'ombe, atajua nini? Mpaka arudi zitakuwa zimeota. Nitafunga kitenge." Ningesema neno moja zaidi angeacha, nina uhakika. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri nifungue ukurasa. Nikafungua wembe.

Alivua hereni, akavua mkufu wa shanga aliovalishwa na mama yake siku aliyomaliza shule, akaviweka juu ya kifua cha mfalme. Bosi Juma hakukoroma. Kamera ilikuwa inarekodi, kulikuwa na upepo tu kwenye yale madirisha, na nywele zilikuwa zinaanguka juu ya saruji bila sauti. Nilikuwa sijawahi kumgusa msichana kichwa. Niliushika utosi wake kwa vidole vitatu kama tunavyofanya, nikateremsha wembe kutoka juu kuja sikioni, na hakutikisika. Nilipofika nyuma ya shingo yakaanza kumtoka machozi yenyewe, bila uso kukunjamana, na Eriki akasogea na kamera taratibu. Ilikuwa ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambazo mkono wangu umewahi kufanya. Sikumkata mahali popote. Na nikiulizwa leo nini kinaniuma zaidi, si kwamba niliogopa nikanyamaza. Kinachoniuma ni kwamba nilifurahi. Nilifurahi kabisa, na nilitamani kichwa kiwe kikubwa zaidi ili nisimalize.

Filamu ilihitaji Jumapili nyingine ya Lumira kuvaa kivuli, kwa hiyo kichwa kilitakiwa kibaki kilaini. Siku ya soko Nashipai akaja upande wetu, akakaa kwenye kiti, akafungua kitenge nimpitishe wembe tena. Pazia la mlango nilikuwa nimelisahau wazi. Mama Lemi, anayeuza maziwa, jirani yao kule kwao, akaingia na galoni la Bosi. Akakiona kile kichwa kwenye kioo, akayaona masikio hayana kitu. Aliweka mkono mdomoni, akaliacha galoni pale sakafuni, akatoka bila kusubiri hela yake. Nashipai akainuka na povu kichwani, akamfuata mpaka njiani akimwita. Mama Lemi alikuwa ameshapotea sokoni.

Haikupita muda mrefu simu ya Nashipai ikaita. Alikuwa mama yake, na alikuwa anaongea kwa nguvu kiasi kwamba tuliokuwepo tulisikia kila kitu. "Baba yenu amekufa wapi? Niambie. Nampigia hapatikani." Nashipai akasema, "Yeyo," ndivyo wanavyomwita mama kwao, "hakuna aliyekufa. Ni mchezo tu, tunaigiza." "Unanificha." "Sikufichi, Yeyo, haki ya Mungu." "Nani yupo hapo? Mpe simu mtu mzima." Bosi Juma akajifuta mikono, akaichukua simu kwa heshima zote. Alikuwa mtu mwema, na siku ile wema wake ulitumaliza. "Habari za huko, mama yangu. Hapana mama, hakuna tatizo lolote, sisi huku wote ni wazima. Wewe tulia tu. Kaa chini mama. Kunywa maji kidogo. Una mtu hapo karibu na wewe?"

Ninyi mnaosoma mnajua hayo ni maneno ya nini. Hakuna mtu wa kwetu anayepigiwa simu akaambiwa moja kwa moja kwamba amefiwa. Anaambiwa hali si mbaya, akae, anywe maji, kuna mtu hapo. Mama wa Nashipai alikuwa ameshawahi kuambiwa hivyo mara nyingi maishani mwake. Tulisikia simu inaanguka, halafu tukasikia sauti yake kwa mbali, halafu sauti za wengine. Bosi Juma alibaki ameishika simu sikioni, anasema, "Mama? Mama, nimesema hakuna kitu," na kila alivyosema hakuna kitu, kule walizidi kulia.

Tukaamua kwenda, maana tuliona wakimwona Nashipai na sisi tukieleza watatuamini. Tulimpigia Eriki, akaja na pikapu ya kukodi ambayo tulikuwa tumebebea vifaa. Kwa haraka ile hakuna aliyekumbuka kupakua. Tulipanda ile barabara ya vumbi, wanaume watatu mbele na msichana aliyenyolewa katikati yetu, na nyuma, juu ya bodi, imelala ile ngazi ya mfalme ndani ya shuka jeupe na majani ya mgomba pembeni. Sikuliona hilo mpaka tulipoingia uani na watu wote wakasimama. Mama yake alikuja moja kwa moja mpaka nyuma ya gari, akalikumbatia lile shuka. Kuna mzee akamshika akalifunua, wakaona ngazi. Nilidhani hapo wataelewa. Badala yake mama mmoja akasema, "Wamekuja na machela kumfuata, mwili bado uko huko."

Mpaka mchana turubai lilikuwa limefungwa. Viti vya kanisani vikaletwa, kuni zikaletwa, mama wakaanza kuchambua mahindi. Eriki alieleza mpaka sauti ikamkauka: filamu, kitabu, nchi ya Sarumbe. Baba mdogo wa Nashipai, mdogo wake Mzee Lomayani, akamsikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo. "Sawa. Ni kazi. Mlilipwa kiasi gani?" Eriki akasema, "Hatulipwi, baba. Hatuiuzi." "Mtaiuza baadaye." "Hapana. Haiuzwi kabisa, ni ya bure." Yule mzee akauliza, "Yaani msichana atoe nywele za baba yake aliye hai, na hakuna anayepata chochote?" Akamnyooshea Eriki fimbo. "Ungeniambia kwa ajili ya hela ningekuelewa, kijana. Shida inamfanyisha mtu mambo. Lakini bure?" Akatuacha hapo. Lile sharti ambalo nililipenda, ambalo nilidhani linatusafisha, ndilo lililotufanya tuonekane waongo au wendawazimu.

Kijana mmoja alitumwa na pikipiki kwenda Monduli kuutafuta mwili. Alimkuta Mzee Lomayani amekaa chini ya mgunga anakunywa chai ya maziwa, simu yake imeisha chaji, ng'ombe wote wazima. Siku ya pili jioni wakaja wote wawili kwenye pikipiki ile ile. Sisi bado tulikuwepo, hakuna aliyetuzuia ila hatukuweza kuondoka. Mzee alishuka, akaliona turubai, akaviona viti. Akaanza kusalimia watu mmoja mmoja kwa mkono, taratibu, na wao wakawa wanampa mikono wakiwa wameganda. Kijana wa pikipiki alikuwa ameona aibu kumwambia, alimwambia tu anahitajika nyumbani. Akafika katikati akauliza, "Ni nani ametutoka?" Mtoto mdogo akasema, "Ni wewe, babu."

Akacheka. Alicheka sana, akashika magoti, na watu nao wakaanza kucheka na kulia pamoja, na makande yaliyokuwa yamepikwa ya msiba yakaliwa kama ya sherehe. Watu wanaolikumbuka jambo hili mpaka leo wanakumbuka hapo, wanasimulia kama kichekesho. Hawakuwepo ndani baadaye. Alituita, mimi na Eriki na Bosi Juma, tukakaa kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, na Nashipai akapiga magoti mbele yake. Mzee hakupandisha sauti. Alimwekea mkono juu ya kile kichwa, akaupitisha taratibu mbele na nyuma kama anayetafuta kitu, akauliza, "Nani amenyoa?" Nikasema, "Mimi, mzee. Shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia, nilichanganyikiwa. Akaitikia marahaba bila kuniangalia. Halafu akamwambia binti yake, "Umeshanililia. Nimekuja nimekuta kilio changu kimeliwa. Siku yangu ikifika, wenzako watanyolewa. Wewe usinyolewe tena. Mtu halii mara mbili." Nashipai akasema, "Baba, ilikuwa mchezo." Akasema, "Najua. Lakini mama yako hakucheza."

Filamu tuliimalizia bila Jumapili ya kivuli. Inaishia pale kichwa kinapokwisha kunyolewa na Lumira anageuka kuangalia ukuta, basi, kama kitabu. Eriki aliandika mwanzoni kwamba haiuzwi, ikaruka kwenye simu za watu kuanzia Kwa Mrombo mpaka mbali, nikawa nasikia wateja wanaisifia wakiwa kwenye kiti changu bila kujua ni mimi. Mimi nilikuwa nayo kwenye memori ya simu. Siku moja nikaifuta. Nilikuwa siwezi kuuona mkono wangu mle ndani. Nashipai alikwenda Dar kwa dada yake kabla mwaka haujaisha, nywele zikiwa fupi bado. Tundu la mbao nililiziba mwenyewe.

Miaka ikapita, Bosi akaniachia kibanda. Siku moja Mzee Lomayani akaingia, akakaa kwenye kiti, akaniambia nimpunguze. Tangu hapo akishuka sokoni alikuwa anakuja kwangu. Hatukuwahi kuzungumzia jambo lile, tulizungumza mvua na bei ya ndama, mpaka mara moja, alikuwa ameshaanza kukohoa, nilipokuwa nampaka poda shingoni akaniangalia kwenye kioo. "Ile picha mliyonizika, unayo?"

"Sina, mzee. Niliifuta."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Akatikisa kichwa. "Ngaramtoni yote imeona nilivyoliliwa isipokuwa mimi." Akasimama, akachukua fimbo yake. Mlangoni akasema, "Basi," akaondoka. Sikumtafuta Eriki kumwuliza. Sikumpigia Nashipai kumwambia kwamba baba yake ameitaka. Nilijiambia nitafanya hivyo wiki ijayo, na nilijiambia hivyo mpaka nikasikia amelazwa.

Baada ya matanga, kabla hajarudi Dar, Nashipai alikuja. Alikaa kwenye kiti nikadhani nitaombwa ninachokiogopa, maana kama angesema ninyoe sijui ningefanya nini. Akaniangalia kwenye kioo kile kile kilichopasuka. Akasema, "Shabani, sikuja kunyolewa. Nimelishika neno lake. Wote wamemlilia, mimi nimekaa pale kama mgeni. Kilio changu mimi ni kile cha Engutoto, sina kingine. Nataka nikione." Nikamwambia nimeifuta. Akasema Eriki naye hana, kompyuta yake iliibiwa zamani, ameshamwuliza. Ndipo nikamwambia kwamba mzee naye aliiomba. Nilimwambia maneno yake kama yalivyo, sikuongeza la kumfariji. Halafu akauliza, "Alitaka kuiona?" Nikasema ndiyo. "Na hukuniambia." Nikasema sikukwambia. Hakugombana. Alifunga kitenge juu ya zile nywele, na alipofika mlangoni akaligusa lile tundu nililoliziba, akatoka.

Ndiyo maana nimeandika. Tulirusha kitu kile bure, kwa hiyo hatujui kilifika kwa nani, na sasa nashukuru kwa hilo kuliko nilivyowahi kushukuru. Kama una simu ya zamani kwenye droo, au memori uliyoacha kwenye kopo la vifungo, iangalie. Ni filamu fupi. Mwanzoni imeandikwa kwamba haiuzwi. Kuna mfalme mnene amelala juu ya shuka jeupe, na msichana anayenyolewa mbele ya dirisha lisilo na fremu, nyuma yake mlima. Mkono unaonyoa ni wangu. Ukiipata niandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama huu, hata mstari mmoja. Na kama hukuipata niandikie pia, nijue nimeshakuuliza.